Niliyemfundisha kompyuta kasimama mbele ya wafugaji na herufi zangu, anasema kazibuni yeye

Wakuu, mwangaluka.

Ninaloandika limenikuta mwenyewe, hapa hapa Bariadi, na hasira bado ninayo. Mkiona nimepayuka mnivumilie.

Mimi ni mchora mabango. Kwetu ni Mwandoya, kwa wafugaji. Nilichoshwa na font za kudownload, mji mzima kila duka lina herufi zilezile. Nikaamua kuchora zangu.

Herufi nene, zimesimama wima, hazina mikia wala madoido. O ni duara kamili, nilianza kwa kuzungushia penseli kwenye mfuniko wa sufuria, mke wangu ni shahidi. Nilitaka mtu aliye kwenye bodaboda asome bango bila kupunguza mwendo.

Miezi saba, A hadi Z.

Sasa shikeni hapa. Kwetu kila mfugaji ana namna yake ya kukata sikio la ng'ombe, ili makundi yakichanganyika amjue wake. Baba yangu anakata mara mbili, sikio la kushoto, upande wa chini. Na mimi kila herufi nikaitia makato mawili madogo, kushoto chini.

Kikundi cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa kikawa kinatafuta logo. Jamaa ninayeshare naye ofisi, ambaye hata kushika mouse nimemfundisha mimi, nikamwachia file aprint sampuli.

Siku ya kikao nafika, namkuta yuko mbele anawaonyesha watu herufi zangu. "Hizi nimezibuni mwenyewe." Na ananiangalia usoni kabisa.

Nikasimama nikasema ni zangu. Mnajua alijibu nini? "A ni A tu. Kuna mtu ana hati ya A?"

Ukumbi ukacheka.

Mwenyekiti, mama mmoja mfugaji wa Migato, akaomba karatasi. Akaisogeza karibu na macho, akamuuliza jamaa, "Haya makato ni ya nini, baba?"

"Urembo tu, mama."

Kicheko kikakatika. Mle ndani hakuna aliyewahi kumkata ng'ombe sikio kwa urembo.

Mama akanigeukia. "Na wewe unasemaje?"

"Ni makato ya baba yangu. Kushoto, chini, mara mbili."

Kazi nikapewa mimi. Mngedhani yameisha.

Sasa marafiki wananifuata nikamwombe radhi, eti nimemwaibisha mwenzangu mbele za watu kwa sababu ya herufi. Yaani miezi saba yangu imekuwa "herufi".

Halafu jana napita sokoni, naona bango jipya la saluni. Herufi zangu zilezile, makato yamezibwa.

Nimejifunza kutomwachia mtu file hata kama tunakula sahani moja, na alama nitaiweka mahali ambapo akiiziba herufi inaharibika.

Ila wafugaji mliomo humu nijibuni. Kwenu mtu akikutwa na ng'ombe wa jirani, sikio limekatwa upya kuficha alama, anayeomba radhi ni nani?