Bunduki Tano za Mtoni

Juzi, baada ya sala ya alasiri, niliambiwa kwamba mwenzangu wa ofisini wa zamani amefariki nyumbani kwake Mpendae. Nilikwenda kuzika, nikarudi na shaka, kama kawaida yangu. Wasomaji wa safu hii mnanijua: mtu akisifiwa sana, mimi huuliza kwa nini. Pale msibani kila mtu alimsifu, na baadhi yao nakumbuka walivyokuwa wakihama njia wasikutane naye. Lakini siwezi kuwasema, kwa sababu na mimi ninalo langu.

Miaka michache baada ya Mapinduzi tulikaa chumba kimoja katika ofisi ndogo ya Mji Mkongwe, tukinakili daftari za safari za meli ya zamani iliyokuwa ikienda Pemba na kurudi. Mchwa walishaanza kuzila. Yeye peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuzishika, maana mkono wake ulikuwa mwepesi. Alinakili kwa kalamu, nami nikapiga taipu kutoka kwenye nakala yake. Alikuwa mtu wa asili ya Kiarabu, mpole, mwenye tabia ya kucheka peke yake, na mama yake alikuwa na nyumba Mtoni. Siku hizo hayo yalitosha mtu kutazamwa mara mbili.

Asubuhi moja nikafika mahali nahodha alipoorodhesha vitu vilivyoshushwa Mtoni: mbata, mchele, halafu bunduki 5. Safari iliyofuata, bunduki 5 tena. Nikamtazama mwenzangu, anaandika huku anatabasamu, nikajiambia: huyu kaziona na kanyamaza. Sikumuuliza. Nilikwenda moja kwa moja kwa mkubwa wetu, nikafunga mlango.

"Ziko wapi hizo bunduki?" akaniuliza kwa ukali, utadhani nimezificha mimi.

"Mwenyewe yupo, bwana. Muulizeni yeye."

Kabla ya adhuhuri walikuja watu wawili wakamchukua. Kofia yake ilibaki juu ya meza, na kwa siku tatu nilipiga taipu bila ya kuitazama.

Siku ya tatu nikakuta kwenye nakala yake: waliokufa, 5. Kesho yake wamekufa 5 wengine, na keshokutwa 5. Meli ya mabaharia ishirini, na baada ya wiki nzima ya misiba nahodha anaandika kwamba wote ishirini wamekula wakashiba! Hapo ndipo nilipofungua daftari la asili kwa mara ya kwanza. Kila penye tano palikuwa na sifuri ndogo, imebonyea kidogo. Nahodha alikuwa akijaza kila mstari, hata pasipokuwa na kitu. Na mwenzangu alijifunza kuhesabu chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, kwa tarakimu za Kiarabu, na huko kiduara kidogo ni tano. Sifuri ni nukta tu. Hapakuwa na bunduki hata moja. Nikakimbilia kwa mkubwa, daftari kifuani.

Mwenzangu alirudi kazini amekonda.

"Kumbe nshaua watu chungu nzima, tena bila ya kuwasalia," akaniambia akicheka, huku akiichukua kofia yake. "Ahsante, ndugu yangu. Nimeambiwa wewe ndiye uliyeligundua kosa."

Niliona aibu, nikainamia taipu. Tangu siku ile aliandika kila hesabu kwa maneno, hata akinituma samaki sokoni.

Juzi mjane wake aliniita kando. "Marehemu akikutaja sana," akasema. "Akisema bila ya wewe asingetoka."

"Naam, Bi," nikajibu, nikaaga.

Nimekuwa nikisema kwamba zama zile ndizo zilizotufundisha kutiliana shaka. Uongo. Zama hazikunifungia mlango wa mkubwa. Niliufunga mwenyewe, na daftari lilikuwa hatua mbili kutoka kwenye kiti changu. Kumuuliza mtu "hii ni nini?" kungenigharimu pumzi moja tu. Kutomuuliza kulimgharimu yeye siku tatu ambazo hakupata kunisimulia.

Na sasa namshuku kwa mara ya mwisho. Nakala zile zilikuwa na wasomaji wawili tu duniani, yeye aliyeziandika na mimi niliyezipiga taipu. Hakuwa mjinga. Nadhani alijua, na akachagua kunishukuru.