Kesi ya Maksai wa Ng'washi

Mimi ni mtu wa hasira, na siku ile nilikwenda mkutanoni nikitaka kijana mmoja atengwe. Nilikuwa katibu wa sungusungu, walinzi wa jadi, pale Mwamapalala, mwaka wa pili tangu wanunuzi binafsi wa pamba waanze kushindana na ushirika. Fedha ilikuja haraka na gongo ikaifuata. Hata watoto wa miaka kumi na sita walikunywa.

Masalu alikuwa mmoja wao. Ng'washi, mjane jirani yangu, alimchukua amlimie. Kijana akalewa, akawakimbiza maksai na plau nyuma hadi korongoni. Mmoja akavunjika mguu, tukamchinja. Ng'washi alikuwa na maksai wawili tu, na mvua zilishaanza. Nani asingekasirika?

Dagashida, mkutano wa kijiji, ukaitwa. Jilala, baba yake Masalu, alikwishaleta maksai mchanga wa fidia, lakini sisi tulitaka kijana atengwe. Aliyetengwa hasalimiwi, hapewi moto, hazikiwi wafu wake. Wengi huishia kuhama. Kwa mtoto, ni kumtupa.

Mwenyekiti akamwuliza Ng'washi anasemaje. Akasimama, akakaza khanga.

"Maksai nimempokea," alisema. "Lakini gongo aliyolewa Masalu ni yangu. Niliipika mimi, nikampa mimi, ndiyo ujira wake. Mkimtenga, mnitenge na mimi. Na kila aliyewahi kunywa kwangu atengwe pia. Haya, baba zangu, nyoosheni mikono."

Kupika gongo ni jela, naye alilitamka mbele ya sungusungu wote. Sijawahi kuona mtu akijishitaki hivyo bila kulazimishwa. Kwake nilikunywa Jumamosi iliyopita tu! Nikanyoosha mkono. Mwenyekiti naye akanyoosha. Mwisho tukatazamana, mikono yote juu: wa kumtenga mwenzake hayupo. Mficha uchi hazai, na sisi tulikuwa tumeuficha wetu nyuma ya kosa la mtoto.

Tukaamua upya. Masalu amlimie Ng'washi hadi mavuno, ale kwake, asiguse pombe. Sisi wakubwa tumsaidie palizi. Ng'washi avunje mitambo yake, naye aliivunja jioni ileile, ingawa ndiyo iliyomsomeshea watoto.

Asubuhi ya kwanza nilikwenda kuchungulia, nikiamini kijana hatakuja. Nilimkuta, mikono inamtetemeka kwa kukosa gongo.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia Ng'washi kwa Kisukuma bila kuinua macho.

"Mwangaluka, ng'wana wane. Uji uko jikoni, mwanangu, kunywa kwanza."

Maksai mchanga alikuwa hajazoea nira, hivyo ilibidi mtu atangulie akimvuta kwa kamba. Niliomba kamba hiyo nikanyimwa. Ng'washi alimkabidhi Masalu plau na kiboko, yeye akashika kamba, akatangulia. Nyuma yake zilikuwa pembe za ng'ombe asiyefundishwa, na nyuma ya pembe mikono ile inayotetemeka. Mama yule alitembea shamba zima bila kugeuka hata mara moja.