Masika Yale Ukuta Ulipoanguka

Enzi zetu masika hayakuingia kwa taarifa ya simu. Yaliingia kwa Bibi kuvua viatu. Asubuhi moja, baada ya swala ya alfajiri na uradi wake mrefu, ungekuta ndara zake zimebaki mlangoni na mwenyewe yuko bustanini, anatembea kwa miguu mitupu, polepole, kichwa kimeinama kama anayesikiliza kitu ardhini. Akirudi na udongo umemganda vidoleni, nyumba nzima ilijua. Majembe yalitolewa, mitungi ikasuguliwa, makuti ya jikoni yakakaguliwa, na sisi watoto tukakatazwa kucheza mdako chini ya michirizi ya paa. Siku hizi kijana wa hapa Pate anasoma kwenye simu kwamba mvua itanyesha jioni, anaanika nguo mchana, mvua inamlowanishia, halafu analaumu mtandao.

Mimi si mtu wa kusimuliwa dunia. Nina diploma ya usimamizi wa hoteli, niliyoisomea kwa jasho langu, mchana naosha sahani na jioni nakaa darasani. Imo ndani ya fremu sebuleni kwangu, mkabala na mlango, ili mgeni aione kabla hajaketi. Nimesimamia ukumbi wa hoteli kubwa Nairobi, nikaenda Uarabuni nikasimamia mkubwa zaidi, na niliporudi nikajenga nyumba ya ghorofa bila kubebwa na mtu. Sijisifu, ingawa sababu ya kujisifu ninayo. Nasema ili ijulikane kwamba nikisema sijaona bustani kama ya Bibi yangu, anayesema ni mtu aliyeziona bustani.

Bustani yenyewe ilikuwa ndani ya gofu. Mji wetu una magofu mengi, nyumba za mawe za watu wa zamani zilizobaki kuta tupu bila paa, na watu wamezoea kulima humo ndani, huyu tumbaku, yule mihogo. Gofu la Bibi lilikuwa sebule ya tajiri fulani ambaye hakuna aliyemkumbuka jina. Kwenye zile zidaka za ukutani, ambamo tajiri alipanga sahani zake za kauri, Bibi alipanga mbegu: bamia, mchicha, pilipili, kila moja ndani ya kifuu cha nazi kilichofunikwa kwa kitambaa. Mrehani ulikuwa mlangoni, mkadi pembeni, na mpapai ulisimama mahali ambapo sisi watoto tuliamini kilikuwepo kitanda cha mwenye nyumba. Tukiingia tulipiga hodi, maana huwezi jua.

Kila aliyezaliwa katika ukoo wetu alipandiwa mti siku ya arobaini yake. Wangu ni mkomamanga, na ulizaa mapema kuliko yote. Wa shangazi yangu Zuena, kitinda mimba wa Bibi, ulikuwa mwasumini. Huo ndio uliokuwa moyo wa bustani. Ulitambaa juu ya chanja ya boriti iliyoegemea ukuta wa upande wa kibla, na kila alasiri Bibi alichuma asumini zikiwa bado zimefumba, akazitunga kwa rehani na kadi, ua la ule mkadi, akafanya vikuba, vishada vidogo vya kuvaa kifuani. Hakuna mwanamke aliyeolewa mtaani kwetu bila kikuba cha mkono wa Bi Rukia, ndilo jina la Bibi, kifuani. Hakukiuza hata kimoja. Na tangu Zuena alipoanza kuvaa buibui, Bibi alikuwa akisema neno moja, akilirudia hadi tukaligeuza mchezo wa kuigiza: "Huyu hatatoka kwangu na ua la watu. Atatoka na lake."

Nyuma ya ukuta ule wa kibla kulikuwa na chumba kingine cha gofu lile lile, na hicho kilikuwa cha Bi Mwanaisha, jirani yetu. Ukutani palikuwa na pengo dogo chini kabisa. Kupitia pengo hilo mbuzi wa Bi Mwanaisha, mweupe mwenye sikio lililopinda, aliingia siku moja wakati Bibi yumo katika swala ya adhuhuri. Bibi hakukata swala. Alisali rakaa zake zote kwa utulivu huku akisikia majani yakitafunwa, akatoa salamu kulia na kushoto, ndipo akainuka na kubadi, kiatu cha mti, mkononi. Mbuzi akapita pengoni na tawi zima la mwasumini mdomoni. Maneno yaliyosemwa siku ile juu ya ukuta, kutoka pande zote mbili, mama yangu alituziba masikio tusiyasikie. Pengo likazibwa kwa mawe na chokaa, na wale wanawake wawili, waliokuwa wakikopeshana chumvi tangu usichana, wakaacha kusalimiana. Wakikutana njiani, mmoja alikumbuka ghafla kwamba amesahau kitu nyumbani.

Miaka ikapita hivyo. Jambo la ajabu ni kwamba mwasumini baada ya kuliwa ulizidi kunukia. Bibi alikuwa akisimama jioni karibu na ukuta, anafumba mato, kama watu wa kwetu wasemavyo macho, anavuta pumzi hadi mabega yanapanda. Alisema Mola amemlipa kwa subira yake. Sisi tulijua subira haikuwa nyingi, lakini harufu kweli ilikuwepo.

Basi yakaja masika hayo ninayoyasimulia, masika ya heri kuliko yote niliyowahi kuyaona. Kwanza mdogo wangu alizaliwa, na arobaini yake ikafanyika mvua za kwanza zikianguka. Bibi akampandia mlimau kwenye udongo uliolowa wenyewe. Kisha mimi nikahitimu msahafu. Nilikuwa msichana wa kwanza katika chuo chetu kuhitimu mwaka ule, nikawatangulia wavulana wawili walionizidi umri, nikasoma mbele ya mwalimu na wanawake wa mtaa bila kukwama, nimevaa gauni la lesi lililonikwaruza shingo. Bibi akanikaangia kaimati sinia zima. Wako wanaoshangaa nimefikaje nilipofika. Kichwa hiki kilianza kazi mapema.

Na la tatu, kubwa kuliko yote, Zuena akaposwa na fundi wa kuunda vyombo vya bahari kutoka Matondoni, kijana mpole mwenye mikono iliyonuka mafuta ya papa hata siku ya Ijumaa. Siku ya harusi ikapangwa, na watu wa Matondoni wakatangulia kuja na mikeka yao, magunia ya mchele na watoto wasioisha. Kila chumba kilikuwa na mgeni. Jikoni palinuka iliki na moshi wa kuni mbichi. Bibi peke yake ndiye hakushughulika na mchele. Alikwenda bustanini asubuhi na jioni kuutazama mwasumini. Ulikuwa umebeba vizuri, mweupe kwa vichwa vilivyofumba, lakini mawingu ya upande wa bahari yalikuwa meusi kama sufuria, na mvua kubwa ikizipiga asumini hazifai tena. Zinaoza kabla hazijafumbuka.

Asubuhi ya siku iliyotangulia harusi, dhoruba ikaja. Sijaona tena upepo kama ule. Ulilichukua pande la makuti la jikoni likaenda kutua juu ya msikiti, na kuku wa Bibi wakapita dirishani mbio bila kutaka ruhusa. Watu wa Matondoni walijibana ukumbini. Bibi akatutoa sisi watoto, akatupanga nyuma yake kizingitini mwa mlango wa bustani, maana aliamini dua inayoombwa mvua ikinyesha hairudi mikono mitupu. Akainua viganja vyake nje ya paa, maji yakamjaa. Akatuombea mmoja mmoja kwa jina. Alipofika kwa Zuena sauti ikabadilika.

"Ewe Mola, mimi sikuombi dhahabu. Nipe asumini za kumtosha mwanangu."

Tukaitikia amin. Na ukuta ukaanguka.

Si kwamba ulianguka baadaye kidogo. Tulikuwa bado tumefungua vinywa. Ule ukuta wa kibla, uliovumilia mvua tangu enzi za tajiri wa sahani, ulijikunja kiunoni kama mzee anayeketi, ukamwagika wote upande wetu, juu ya chanja, juu ya mwasumini. Ardhi ikatikisika. Zuena alitoka mbio ukumbini na hina mikononi, vidole amevitanua, akasimama pale akitazama lundo la mawe mahali ulipokuwa mti wake. Hakulia kwa sauti. Machozi yalimtiririka naye hakuweza kuyafuta kwa sababu ya hina, na mama yangu ndiye aliyekuwa akimfuta kwa ncha ya leso.

Mvua ilipopungua Bibi alishuka bustanini. Alisimama mbele ya yale mawe, nguo zimemganda mwilini, akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayerekebisha jambo dukani, "Niliomba asumini. Sikuomba ukuta."

Ndipo akainua uso.

Mahali palipokuwa na ukuta sasa palikuwa wazi, na tuliona hadi ndani ya chumba cha Bi Mwanaisha ambacho hatukuwahi kukiona tangu pengo lilipozibwa. Na pale, ukiwa umeegemea ukuta wa pili uliouzuia upepo, chini ya kibanda cha makuti, ulisimama mwasumini mkubwa kuliko wetu. Haukuguswa na mvua. Ulikuwa mweupe kwa vichwa, kama mtu ameumwagia mchele. Bi Mwanaisha mwenyewe alikuwa kando yake, ameshika ufagio, na hakuwa na mahali pa kujificha.

Sisi sote tukamgeukia Bibi. Hata wale watoto wa Matondoni, ambao hawakujua habari ya mbuzi, walimgeukia. Tulijua Bibi hataomba. Angeweza kumtoa mwanawe na kifua kitupu, lakini si kuomba upande ule.

"Bi Rukia," akasema Bi Mwanaisha. "Usinitazame hivyo. Ni wako."

"Wangu kwa ndia gani?"

"Kwa njia ya mbuzi. Aliingia kwangu na lile tawi mdomoni, nikamnyang'anya. Nikalichomeka hapa ninapoogea, nikidhani litakufa."

"Na halikufa."

"Halikufa. Nikawa naona haya kukuambia. Ungesema nimemtuma mbuzi."

Bibi akafikiri. "Ningesema," akakubali.

"Sijavaa hata ua moja nje ya mlango huu," Bi Mwanaisha akaendelea. "Naogopa utalinusa."

Bibi alitazama mti, akatazama lundo la mawe, akavuta ile pumzi yake ndefu hadi mabega yakapanda. Nadhani hapo ndipo alipojua ilikotoka harufu ya miaka yote ile, aliyokuwa akiihesabu malipo ya subira yake. Akaanza kucheka. Alicheka hadi akaketi juu ya mawe, na Bi Mwanaisha akaja akaketi upande wake wa lundo, wakashikana mikono, wanacheka na kulia, nasi tukawaonea aibu kidogo, kama watoto wanavyowaonea watu wazima.

Alasiri ile tulichuma asumini sote. Tuliimaliza kazi juu ya yale mawe yaliyoanguka, wanawake wa mtaa wamekaa wengine upande wetu na wengine upande wa jirani, wanatunga, wanaimba, wanawatania watu wa Matondoni kwamba kwao hujui kama kunanuka harusi au kunanuka papa. Kesho yake Zuena alitoka na ua lake, kama ilivyoahidiwa. Lilikuwa limezunguka kidogo tu. Na kabla hajatoka, Bibi aliuliza mbuzi yuko wapi. Akaletwa, keshazeeka, sikio lile lile limepinda. Bibi akamfunga kikuba kwenye pembe kwa mkono wake. Mbuzi alikisugua ukutani hadi kikadondoka, akakila.

Bibi hayupo tena, Mwenyezi Mungu amrehemu, wala Bi Mwanaisha. Walikaa tena miaka mingi wakikopeshana chumvi, na ule ukuta hawakuujenga. Shangazi Zuena ni bibi sasa huko Matondoni. Mimi nimepanga maua katika meza za watu wakubwa, mawaridi yanayokuja ndani ya maboksi, yamelingana urefu kama askari, na hayanuki chochote. Mwaka jana mpwa wangu aliolewa na maua ya plastiki kutoka Mombasa. Akaniambia kwa fahari kwamba hayanyauki. Nikamwambia hata vigae vya bafu langu havinyauki. Akacheka, akanipiga picha, nami nikatokea vizuri.

Lakini sina kinyongo na wakati. Nimelinunua lile gofu, nimelisafisha, nimeuvusha mwasumini kutoka upande wa Bi Mwanaisha na sasa umepanda juu ya chanja mpya ya chuma, kazi nzuri, nilimlipa fundi wa kweli. Mkomamanga wangu bado unazaa. Masika yakikaribia navua viatu, ingawa simu nayo naitazama. Upande wa pili anaishi mjukuu wa Bi Mwanaisha, dada mmoja mkimya, ana watoto na mbuzi wawili. Kwa sababu watu wa magari ya punda walikuwa wamelifanya gofu njia yao ya mkato, ilibidi ukuta ujengwe, na nikaujenga kwa mawe ya kuchonga, imara, hakuna mwingine kama huo mtaani.

Fundi alipofika mstari wa chini nilimwambia aache pengo. Akaniuliza kubwa kiasi gani, na la nini, la maji au la paka.

Nikamwonyesha kwa mikono. "La mbuzi," nikamwambia. "Na nafasi ya tawi."