Maua Yaliyozungushiwa Seng'enge

Simu moja ndiyo iliyonitoa Dodoma. Aliyepiga alikuwa Mama Eliza wa Mlalo, kule Usambara, mama niliyepanga chumba kwake miaka ile nilipokuwa nikifundisha biolojia milimani. Mumewe, Mzee Zakaria, fundi seremala, alikuwa amefariki, nami sikuweza kwenda kumzika kwa kuwa nilikuwa nimelazwa hospitalini.

"Mwanangu," alisema, "yale maua ya baba yako hayajatoka tangu tumzike. Misimu miwili ya masika imepita. Wewe umesomea mimea. Njoo uyatazame, uniambie kama yanaomboleza au yamekufa."

Inafaa niyaeleze maua hayo, maana hata watu wa Lushoto wengi huyapita bila kuyaona. Wataalamu huyaita Romulea. Ni ukoo mmoja na irisi na gladiola, na ni ndugu wa mbali wa zafarani tunayotia kwenye biriani. Jani lake ni jembamba kama uzi, usingelitofautisha na nyasi. Ua lenyewe halina shina la kujivunia. Linachomoza karibu sawa na ardhi, la rangi ya zambarau iliyopauka, na kooni lina umanjano kama kiini cha yai. Jua likiwaka, linafunguka. Wingu likipita, linajifunga, na unaweza kukanyaga mia usijue. Mzee Zakaria aliyaita maua ya mchana. Kila mwaka, masika yakikatika, aliacha randa yake akapanda mgongo wa mlima kwenda kuyaangalia. Mimi alinichukua mara ya kwanza nikiwa mwalimu mgeni mwenye kiburi cha chuo, nikapiga magoti kwenye majani yenye umande nikasahau kiburi chote.

Alfajiri nilipanda basi. Nitawapunguzia Morogoro, Chalinze na Segera, kwani barabara hiyo mnaijua. Mombo nilishuka, nikanunua machungwa, nikapata gari la kupanda mlima. Hewa inabadilika pale Soni kwenye maporomoko. Unafunga dirisha bila kuambiwa. Lushoto nililala kwenye nyumba ya wageni karibu na soko, nikasikia Kishambaa dirishani kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Maneno machache tu yalikuwa yamenibakia.

Asubuhi, kutoka Lushoto kwenda Mlalo, gari lilipita msitu wa Magamba ukiwa bado na ukungu, kisha malori ya kabichi na karoti yakaanza kupishana nasi kwenye kona. Dereva alipiga honi kila kona. Nilipoona nyumba za Mlalo zimekaa bondeni na kanisa la zamani, macho yangu yalitafuta mlango wa wenyeji wangu. Nilikuwa nimezoea kuwaona wawili wamesimama mlangoni. Safari hii alisimama mmoja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekonda. Ingia, chai iko tayari."

Alikuwa amezeeka kuliko sauti yake ya kwenye simu. Karakana ya mzee ilikuwa imefungwa, na mbele ya mlango wake palikuwa pameota majani. Tulikula ugali na maharage, tukaongea habari za Eliza aliyeolewa Moshi, na ndipo Mama alipofika kwenye jambo lenyewe.

"Baada ya mazishi nilipanda kule juu," alisema. "Nikakuta ng'ombe wa Athumani wamelala juu ya maua. Kwato kila mahali. Hasira zikanipanda."

Mzee Athumani nilimfahamu. Alikuwa jirani, Mwislamu, rafiki wa Mzee Zakaria tangu walipokuwa watoto wa shule. Ng'ombe wake walichungwa kwenye kile kiwanja cha mlimani chenye maua, kwa ruhusa ya Mzee Zakaria tangu zamani. Sikuwahi kuona ugomvi wowote kati yao.

"Ukamwambia nini?" nikauliza.

"Nilimwambia mbele ya watu. Nilisema, 'Ulikuwa unangoja afe ndipo uje kumkanyaga?'" Alikusanya sahani. "Hakujibu. Mimi nikamwita fundi, tukazungushia seng'enge mahali pote. Athumani akauza ng'ombe, akahamia kwa binti yake, kule Mponde. Sijamwona tena."

Siku iliyofuata tulipanda mlima baada ya kifungua kinywa, Mama mbele na fimbo yake, mimi nyuma na jembe dogo na kikapu cha viazi vya kuchemsha. Njia inapita kwenye mashamba ya viazi, kisha miti ya miwati, kisha inatoka kwenye mgongo ulio wazi ambako upande mmoja unaona msitu wa Shagayu. Uzio ulikuwa imara, nguzo za mwerezi, waya umevutwa sawasawa. Mama alifungua lango dogo kama mtu anayeingia kanisani.

Ndani sikupatambua. Nyasi zilinifika kiunoni. Magugu ya kangaga yalikuwa yametanda, na miche ya miwati ilikuwa imeanza kunyoosha vichwa. Nilipiga magoti, nikafunua, nikachimba hapa na pale. Kile kiazi kidogo cha ardhini ambacho ua huchipuka kutoka kwake, kilicho kama kitunguu cha kuchezea mtoto, nilikipata mara chache. Vingi vilikuwa vimesinyaa, vingine vimekuwa unga. Mama alisimama juu yangu akingoja. Wingu lilikuwa limefunika mlima, na mimi nikalisingizia wingu hilo.

"Tungoje jua," nikasema.

Tulitoka nje ya uzio tukaketi kwenye jiwe, tukala viazi kwa chumvi. Mama alinisimulia jinsi mumewe alivyomchumbia, jambo ambalo hakuwahi kunisimulia. Karibu na adhuhuri wingu lilipasuka. Mimi nilikuwa nikitazama ndani ya waya. Mama alikuwa akitazama miguuni pake.

"Mwalimu," aliniita, na hakuwa na kawaida ya kuniita hivyo. "Yale pale ni nini?"

Kwenye njia ya miguu inayokwenda chemchemi, iliyokanyagwa na watu na mbuzi wa kijiji hadi majani yakawa mafupi kama zulia, maua yalikuwa yakifunguka. Moja, kisha lile la pembeni, kisha ukingo wote wa njia. Yalikuwa mengi. Yalifuata njia hadi inapokata kona, na hayakuingia ndani ya seng'enge hata hatua moja.

"Kwa nini yako huku nje?" aliuliza.

Nilijua jibu papo hapo, na nikatamani nisilijue. Nikaanza kusema habari za mvua na udongo.

"Usinizungushe," alisema. "Nimekuita kutoka mbali."

Basi nikamwambia. Kwamba ua fupi namna ile haliwezi kushindania jua na nyasi ndefu. Kwamba miaka yote kiwanja kilibaki wazi kwa sababu ng'ombe walikula nyasi na kuzikanyaga, na kwamba kwato haziui kilicho chini ardhini. Ng'ombe walipoondoka, kivuli kiliingia.

Mama Eliza hakulia. Alivua khanga begani, akaikunja, akaiweka mapajani, akaikunjua tena. "Basi nimeyafukia mimi," alisema. Kisha: "Na Athumani nimemfukuza bure."

Tulipokuwa tukishuka alishika mkono wangu, jambo ambalo wakati wa kupanda hakulitaka. Nyumbani akaniomba nirudi Dodoma kwa kupitia Mponde. Kona za barabara ile asingeziweza, alisema, na namba ya simu ya Athumani hakuwa nayo. "Mwambie nilikosea. Mwambie kwa maneno yangu, usiyapambe."

Kutoka Mlalo nilishuka hadi Soni, nikachukua gari la Bumbuli, na kufika Mponde mchana. Pale milima ni ileile, ila imevaa chai. Binti yake Mzee Athumani alikuwa shambani akichuma. Alinionyesha nyumba kwa kidevu, mikono imejaa majani. Mzee alikuwa uani amekaa kwenye kigoda, kofia yake safi, hana kazi mikononi. Nilimwamkia, akaitikia, akanitazama sana hadi akanikumbuka.

Nikampa maneno ya Mama Eliza kama nilivyopewa. Nikaeleza na habari ya nyasi na maua ya njiani. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Kwa hiyo sikuwa mimi," alisema.

"Hukuwa wewe, baba."

"Mimi nilijua ni mimi. Zakaria aliniamini na kile kiwanja, nami sikuwafunga ng'ombe wiki ya msiba. Nilisema, mama yule ana haki. Ndiyo maana niliuza. Ningebakije na ng'ombe walioua kitu alichokipenda?"

Nilikuwa nimekwenda nikidhani nitamkuta na hasira. Hasira ningeiweza. Nilimpigia Mama Eliza, nikampa mzee simu. Walisalimiana kwa Kishambaa, salamu ndefu, za wajukuu, za mahindi, za baridi. Ng'ombe sikusikia wakitajwa. Mwishoni mzee akageukia Kiswahili, labda kwa ajili yangu: "Inshallah, shemeji. Nitakuja." Akanirudishia simu.

"Utakwenda kweli?" nikauliza.

Alitazama mashamba ya chai. "Sina ng'ombe, sina nyumba kule, Zakaria hayupo. Nitakwenda kufanya nini? Lakini mtu mzima akikuomba radhi, humwambii hivyo."

Nilirudi kwa njia ya Mombo, na hadi Korogwe sikufungua kitabu nilichokuwa nacho. Nilikuwa nimekwenda kutafuta ugonjwa wa mmea. Niliyorudi nayo ni haya: wazee wawili walimpenda mtu mmoja, kila mmoja akajaribu kukilinda alichokiacha, mmoja kwa kufunga lango na mwingine kwa kuondoka, na neno moja la hasira lilitosha kuwazuia kuulizana. Laiti angeuliza mmoja tu mapema.

Mama Eliza aliing'oa seng'enge yote. Akawaomba majirani walete ng'ombe wao, lakini wanakumbuka alichomfanyia Athumani, wanaitikia kwa adabu na hawaleti. Kwa hiyo hupanda mwenyewe na mundu, kila baada ya siku chache, akakata nyasi kwa mkono, kipande kidogo kidogo, hadi mgongo unamuuma.

Masika ya mwaka uliofuata yalipokatika nilimpigia, nikamuuliza kama yametoka.

"Bado," alisema. "Lakini majani ni mafupi."