Magugu ya Shemeji Erasto

Kiwanda cha kubangua korosho kilipofungwa kule Masasi, miaka ile ya mwanzo ya soko huria, shemeji yangu Erasto alirudi Newala na sanduku la bati na kikohozi. Kaka yake Cecil, mume wangu, alikuwa ameshafariki. Shamba la mikorosho lilikuwa mikononi mwangu, pamoja na jina la ukoo uliotoa walimu na mapadri tangu enzi za misheni.

Miezi ya kwanza Erasto alilala mchana kutwa, uso ukutani. Kisha akaanza kuotesha mmea wa porini mpakani mwa shamba, ule wenye utomvu mweupe kama maziwa, ambao mbegu zake hupeperuka na sufi. Watu wa kwetu huung'oa. Aliniambia kwamba mikorosho huchanua kwa muda mfupi tu, na sisi tunapalilia na kuchoma kila kitu. Nyuki na vipepeo wale nini miezi mingine? Vipepeo wa rangi ya chungwa hutaga mayai kwenye mmea huo, alisema. Sikubishana. Angalau alikuwa ameamka.

Lakini kwetu chini ya mikorosho hufagiliwa kama uwanja wa nyumba. Shamba likishikwa na majani, majirani hujua pana mgonjwa, au mjane asiye na mtu, nao huja na majembe kumsafishia. Ni wema, ila ni wema unaosimuliwa hadi misheni ya Chidya.

Mwezi wa sita jirani yetu Dunstan alipita kunijulia hali, akasema watu wa kanisani wamekubaliana kuja Jumamosi kunilimia ule mpaka. Nilimshukuru. Jioni nikamweleza Erasto.

"Shemeji," akasema, "wakiing'oa, mimi sitaanza tena."

Nilimwamini, na niliogopa.

"Basi tuipange mistari," nikamwambia. "Tukifagia na ukingo, wataona imepandwa."

Ijumaa tulishinda tukichimba na kuhamisha. Mizizi yake huenda chini sana. Mingi ilikatika, na jua lilipozama karibu nusu ya mimea ilikuwa imelala. Sikuwa nimechoka namna ile tangu mazishi ya Cecil.

Asubuhi wakaja. Dunstan akasimama ukingoni, jembe begani.

"Mama Glory, kwenu hata magugu yanapanga foleni."

Wakacheka. Nikawaambia hakuna pa kulima, tumepanda wenyewe, wakaribie uji. Walianza kuweka majembe chini, lakini Dunstan aliinama, akageuza jani. Viwavi wenye milia walikuwa wamelitoboatoboa, hilo na mengine yote.

"Zao lenu linaliwa, mama. Hamna dawa ya kupulizia?"

Erasto alitaka kujibu, kikohozi kikamzuia. Wote wakanitazama mimi, mwalimu, mke wa marehemu Cecil.

"Waache wale," nikasema. "Ndio tuliowapandia."

Dunstan alinitazama kwa muda, kama mtu anayetazama mgonjwa, kisha akaenda kwenye uji. Nilijua Chidya watasikia.

Walipoondoka, Erasto alikuwa amechuchumaa kwenye mistari, akimwagilia ile iliyolala. Mimi nilichukua ufagio. Nyayo zao zilikuwa zimeharibu ukingo wote.