Ulimi wa Kuazima

Sokoni walimwita Ulimi, na yeye hakuona kosa lolote katika jina hilo. Alikuwa dalali wa matunda. Lori la machenza likiingia asubuhi, wanunuzi hawakugusa kitu mpaka yeye apande juu ya tairi, achomoe tunda moja kutoka katikati ya shehena, alimenye kwa dole gumba, afumbe macho na kutia kipande mdomoni. Akifumbua macho alitoa hukumu: hili limechumwa bichi likaivia njiani, hili limekunywa mvua kupita kiasi, hili mpelekeeni mgonjwa. Mara nyingi alipatia. Alipokosea alikosea kwa sauti kubwa, kwa hiyo hakuna aliyegundua.

Kule kufumba macho kulikuwa maonyesho tu. Alishagundua zamani kwamba mtu aliyefumba macho huaminiwa haraka, hata kama anasinzia. Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pacha, alisema mume wake angefumba macho hata akionja maji ya bomba.

Mama Pacha huyo na kaka yake, fundi wa majokofu mwenye maoni juu ya kila kitu isipokuwa majokofu, waliachiwa shamba na baba yao. Wakaamua kupanda michenza ya biashara. Ardhi ilikuwa yao wawili, kisima alichimba kaka mtu, na mchango wa Ulimi ukawa ulimi. Hivyo ndivyo walivyokubaliana mezani: yeye ndiye atakayechagua aina ya mche. Na mchenza si mchicha. Mchicha ukikukosea unaung'oa, maisha yanaendelea. Mchenza unaulea miaka bila kujua una nini moyoni, na ukija kukutukana, utaendelea kukutukana mpaka wajukuu wasikie.

Tatizo ni kwamba ulimi wenyewe ulikuwa umekufa.

Ilianza na homa ya mafua iliyomlaza kitandani akigumia kama mtu anayejifungua. Homa ilipoondoka, ikaondoka na harufu na ladha. Mwanzoni alidhani chakula ndicho kibovu, akamlaumu mkewe, jambo ambalo halikumletea faida yoyote nyumbani. Kisha akalamba ndimu. Akalamba chumvi. Akatafuna kidonge kile kichungu ambacho watu wazima hukimeza wamebana pua. Vyote vilikuwa chaki. Akaketi ukingoni mwa kitanda akaogopa, maana alijihesabu akaona kwamba ukimwondolea ulimi, kinachobaki ni mwanamume wa makamo mwenye masharubu na hamu ya kula.

Hakumwambia mtu. Sokoni akaanza kuhukumu kwa macho na vidole, kwa uzito wa tunda na kwa umbea wa madereva, kisha akafumba macho na kukoleza maneno. Watu walikuwa wamezoea kusema Ulimi anatia chumvi. Asubuhi moja mkewe naye alitia chumvi, ila yeye aliitia kwenye birika la chai, baada ya kuchanganya makopo. Ulimi akanywa kikombe chote, akajifuta masharubu, akasema, "Leo chai imekubali." Akatoka zake kwenda kazini. Mama Pacha alionja ya kwake, akaitema kwenye sinki, akabaki ameshika kikombe na kuutazama mlango.

Yeye naye hakumwambia mtu.

Siku ya kuchagua miche ikafika, wakaenda wote watatu. Kitalu kilikuwa nyuma ya kituo cha mafuta: wavu mweusi wa kivuli, safu za viriba vyenye miche, mpira wa maji uliovuja kila ulipounganishwa, na banda la bati lenye meza moja. Mwenyewe walimwita Bwana Miche. Alining'iniza kisu cha kubebeshea miche kiunoni kama askari, na aina za machenza alizibatiza majina yake mwenyewe kwa sababu yale ya vitabuni, alisema, yanamvunja meno.

"Hili ni Wahi," akasema, akisukuma sahani ya kwanza. "Linaiva wenzake wakiwa bado kijani. Unalikuta soko tupu. Ila ganda limelegea. Ukilisafirisha mbali linafika limechoka kuliko dereva."

"Linafaa," akasema shemeji mtu, ambaye alikuwa hajaonja.

"Hili Shingo, kwa sababu ya hiyo shingo. Maji tele, rangi nzuri, ladha kali. Lakini zile mbegu, mteja atazitema mpaka achelewe kazini. Na hili la mwisho ni Tasa."

Mama Pacha akainua nyusi. "Umelipa tunda jina la tusi."

"Halina mbegu, mama yangu, niliite nini? Linachelewa kuiva, linakaa mtini muda mrefu bila kuharibika, linamenyeka vizuri. Sharti lake moja: lipandwe peke yake. Ukiliweka jirani na Shingo, nyuki wakawa wanapita huku na huku, linashika mimba. Unapeleka sokoni matunda yasiyo na mbegu, wateja wanauma mbegu, wanakujia juu."

"Basi hilo si tasa," akasema Mama Pacha. "Ni mtawa."

"Mimi nasema tuchanganye yote," akasema kaka yake. "Likigoma hili tunalo lile."

"Habari ya nyuki umeisikia lakini?" akauliza Bwana Miche.

"Nyuki nitaongea nao."

Kisha wote wakamgeukia Ulimi. Kijasho chembamba kilimtoka chini ya kofia. Akafumba macho, akaonja. Wahi, alisema, ni kijana mwenye haraka. Shingo ni mke wa tajiri. Tasa anataka kufikiriwa. Vyote vitatu, mdomoni mwake, vilikuwa sifongo iliyoloa maji, na alijua kwamba baada ya dakika chache atalazimika kufunga ndoa kati ya shamba la marehemu baba mkwe na mojawapo ya sifongo hizo.

Sasa, Bwana Miche alikuwa na mchezo wake. Kila mche pale ulibebeshwa juu ya mdanzi: mizizi ya danzi, matawi ya chenza. Danzi ni chungu, tena ni chachu, lakini mizizi yake ni migumu na inavumilia ardhi mbaya. Kwa hiyo madanzi hayakumpungukia, na kila alipopata mteja mjuaji alimmenyea moja bila kumwambia, kisha akawaita vibarua waje kutazama uso. Siku hiyo, akiwa na mjuaji wa wajuaji mbele yake, asingeweza kujizuia. Akaingia nyuma, akarudi na sahani ya vipande.

"Na hili je? Jipya. Bado sijalipa jina."

Laiti Ulimi angeacha macho wazi. Danzi alikuwa amelijua tangu utoto, na vipande vyake vinene angevitambua mara moja. Lakini watu wanatazama, na sifa ni sifa. Akafumba macho. Vibarua wakajibanza mlangoni. Akatafuna taratibu.

"Hili," akasema, macho bado yamefumbwa, "ndilo. Hili lina utamu wa mtu mzima. Halikurukii. Linakuja mwishoni, linakaa."

Kibarua mmoja alidondosha ndoo.

"Ngoja nami nionje huo utamu wa mtu mzima," akasema shemeji, akanyoosha mkono.

Mkono wa Mama Pacha ulifika kwanza. Alikusanya vipande vyote vilivyobaki, akavitia mdomoni kwa mkupuo mmoja, akatafuna. Shavu halikucheza. Machozi yalijaa machoni, akayaamuru yakae humo humo. Akameza.

"Kweli, tamu," akasema, sauti imekauka. "Ila ganda lake gumu. Mtu aliyebeba mtoto hawezi kulimenya njiani. Kwa biashara hapana."

"Dada, umemaliza lote!"

"Nilikuwa na njaa."

Bwana Miche alimtazama mume, akamtazama mke, akaelewa kwamba mbele yake kuna ama wagonjwa wawili, ama mtu na mkewe. Akawageukia vibarua. "Nendeni mkamwagilie."

Mama Pacha aliomba maji. Akanywa kikombe, akaomba kingine. Ulimi, aliyefumbua macho akakuta watu wote wamekuwa na adabu ghafla, alihisi kuna kitu hakiko sawa. Akajidai anakwenda kunawa. Nyuma ya banda, kando ya pipa la maji, kulikuwa na ndoo ya maganda, na juu kabisa lilikaa ganda nene, lenye vishimo vishimo, jekundu kuliko chungwa. Akaliokota. Hakuhitaji ulimi kujua ni ganda la nini.

Akasimama pale na lile ganda mkononi. Kwanza aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayochoma masikio. Halafu akakumbuka sahani aliyoikuta tupu alipofumbua macho, na yale machozi machoni mwa mkewe aliyoyaona bila kuyaelewa. Alijiona mjinga na papo hapo akajiona mtu anayependwa.

Mlango wa kutokea, mkewe alikuwa amemwachia wazi. Angeweza kurudi, kufumba macho, kutaja jina lolote, na jina lake sokoni lingebaki salama. Ila shamba ni la baba yake Mama Pacha, na yeye angekuwa amelichezea bahati nasibu kwa sifongo. Akalitupa ganda kwenye ndoo, akarudi.

"Haya shemeji, kata kauli," akasema yule fundi. "Tunachukua lipi?"

"Sijui."

"Hujui vipi?"

"Sionji kitu. Tangu ile homa. Ukinipa sabuni na chenza, nitaijua sabuni kwa mapovu. Hilo nililolisifu lilikuwa danzi."

Kikombe cha Mama Pacha kilikuwa njiani kuelekea mdomoni. Akakirudisha mezani taratibu.

"Baba Pacha."

"Naam."

"Nimekula danzi zima."

"Najua."

"Pamoja na mbegu zake."

"Najua, mke wangu."

"Sasa ulishindwa nini kusema kabla sijameza?"

Kaka yake alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la samadi, na hakujali. Alipopata pumzi, akauliza lile swali ambalo Ulimi alikuwa akiliogopa tangu aamke kutoka kwenye homa. "Sasa shemeji, bila kugombana, mchango wako katika shamba hili ni nini?"



"Mchango wake ni ulimi," akasema Mama Pacha. "Si ndivyo tulivyokubaliana? Basi ataazima wangu. Baba Pacha, menya."

Akamenya. Yeye akaonja, na Ulimi akauliza. Utamu unaanzia wapi, mbele au nyuma? Uchachu unautangulia au unaufuata? Ile ngozi nyembamba ya kipande inayeyuka au unabaki unaicheua? Mama Pacha alijibu kila swali, na pale alipojibu ovyo alirudishwa aonje upya, mpaka Bwana Miche akavuta kigoda akakaa kusikiliza. Wahi akashindwa kwenye ganda. Shingo akashindwa kwenye mbegu. Walipofika kwa Tasa, Mama Pacha alitafuna, akaongeza kipande kingine.

"Sema basi."

"Unalikumbuka lile la kwanza ulilonimenyea pale sokoni?"

"Nalikumbuka."

"Lile uliloiba kwenye lori la watu."

"Halikuwa la wizi. Lilikuwa la kuonja."

"Basi ndilo hili."

Ulimi akafumba macho, na safari hii hakuwa akimwonyesha mtu chochote. Shamba zima likawa la Tasa. Shemeji alipewa mche mmoja wa Shingo akaupande kwake mjini, akaongee na nyuki huko.

Wakati wa kupakia, Bwana Miche aliwapa onyo moja. Chini ya kovu la kubebeshea, mti ni danzi. Machipukizi ya huko yakiachwa yanapanda mbio, yanausonga mchenza mpaka ufe, na siku moja unakuta shamba lako linazaa uchungu. Yakatwe kila yanapochungulia. Kazi hiyo Ulimi aliichukua mwenyewe. Akapunguza siku za sokoni, ambako habari ya danzi ilishamtangulia na kuvunja mbavu za watu, akawa anashinda shambani ameinama, kisu mkononi, akikagua mti mmoja baada ya mwingine, huku mgongo ukimlaani. Harufu ilirudi nusu, na ilikuwa nusu mbaya: samadi aliisikia vizuri sana. Ladha haikurudi.

Michenza ikakua, ikachanua, ikashika. Asubuhi ya tunda la kwanza walisimama wawili kwenye mstari wa mbele. Ulimi alichuma, akalimenya kwa dole gumba, akampa mkewe kipande, akangoja kama wanunuzi walivyokuwa wakimngoja yeye. Mama Pacha alifumba macho. Akatafuna kwa muda mrefu usiokuwa wa lazima.

"Danzi," akasema.

Ulimi aligeuka akautazama mti, akatazama kovu, akatazama chini ya kovu, akaikumbuka miaka yote ile ya kuinama. Alipomgeukia tena mkewe ili aombe radhi, akaona mkono wa Mama Pacha umekwishanyooka, unasubiri kipande cha pili.