Nilikata ekutere za mujukuu wangu

Kosa ni langu. Musitafute mutu mwingine wa kulibeba. Si vita, si Shetani, si mutoto. Ni mimi, mwanamuke muzee wa hapa Bunia, mudomo mukali, shule kidogo. Niliishia mwaka wa tatu wa primere. Ninaandika pole pole, lakini nikinyamaza hii kitu itaniua.

Ni juu ya mujukuu wangu. Tumuite Dorkasi, si jina lake. Mama yake, binti yangu, anauza vitambaa vya vikwembe kule Niania, na mutoto nililea mimi, koko yake. Mutoto wa akili! Ninasema mwenyewe na sioni haya. Mutu akiwa na mujukuu kama huyu halafu ananyamaza, huyo ni murogi.

Dorkasi alitaka kusomea uuguzi kule Kampala. Kulikuwa shule moja inachukua wasichana wa huku kwetu bila kulipa, lakini lazima usikie Kingereza na ukiseme. Siku moja watakupigia simu. Mutu wa huko anakuongelesha, unajibu. Ukiweza unaenda. Ukishindwa unabaki na koko yako kutwanga majani ya sombe. Njo hivyo tu.

Mwalimu wake akamuambia: Kingereza hakiingiliaka ku macho, kinaingiliaka ku masikio. Sikiliza kila siku, ata kidogo, ata kama huelewi. Kisha rudilia na mudomo vile ulisikia. Usiruke siku. Akamuwekea mazungumuzo ya Kingereza ndani ya telefone.

Basi kila mangaribi, maharagi ikiwa ku moto, Dorkasi anakaa nyuma ya jikoni na ekutere, zile waya za kusikilizia. Anasikiliza, anasimamisha, anarudilia. Anakosa, anajicheka, anarudilia tena. Mwanzoni aliniambia: "Koko, hawa watu wanasema kama mvua ku mabati. Sishiki ata neno moja."

Miezi ikapita. Siku moja akakuja mbio na mwiko mu mukono. "Koko! Nimesikia! Mutu alikuwa anauliza bei ya samaki, mwenzake anamuambia imeoza!"

Tukacheka mpaka maharagi ikaungua.

Jirani yangu Mama Vero, muuza makala ya kupikia, alikuwa anapitisha kichwa ku ua wa lupango. "Koko, mutoto wenu anaongea na nani huko nyuma? Na mashetani?"

"Na watu wa Kampala," nikamujibu. "Weye ongea na makala yako."

Niliringa! Lakini moyo haukutulia.

Mutu asiyekimbia vita hawezi kujua. Wanasema sasa amani iko. Ndiyo, iko. Iko kama chungu chenye ufa: unapikia, lakini jicho halitoki hapo. Soko imejaa watu, mutu mumoja anapiga mbio, na soko yote inakimbia nyuma yake bila kuuliza.

Wakati ule wa kukimbia, ni mimi wa kwanza nilisikia bunduki. Nilikuwa ninatwanga sombe. Nikasimamisha mutwango, nikasema: ondokeni. Wengine walinicheka, na wengine wao hawako tena. Mimi nilifunga Dorkasi mu mugongo, mutoto wa kunyonya, tukatembea mpaka Marabo. Tuliporudi, watu wa kartie yote wakaniita Koko Masikio. Hilo jina nililipenda kupita jina langu la ubatizo.

Kutoka pale nikaweka sheria: mu nyumba yangu hakuna mutu anaziba masikio. Ata redio tunafungua kidogo. Dorkasi na waya zake nilimuachilia juu ya ile shule, lakini kila mangaribi nilikuwa ninapitapita jikoni kumuchungulia.

Ile siku nilikuwa ninaanua nguo. Nikaona watu wa barabara wanakimbia. Wanawake wametupa mabeseni. Mama Vero anapita bila kiatu, mudomo wazi. Nikasema: vita imerudi!

"Dorkasi! Dorkasi!"

Hakutoka. Nikazunguka jikoni. Nikamukuta ameketi, waya mu sikio, ametulia kama mutu wa kuota jua! Nikamushika mukono, nikamuburuta mpaka ndani ya mufereji, nikamulalia juu.

"Koko, ngoja, Koko..."

Nikamuziba mudomo na kiganja changu.

Kumbe ilikuwa pineu, mupira wa gari kubwa ya kamio, imepasuka ku barabara kubwa. Pineu! Watu wakarudi wanacheka, kila mutu anatafuta kiatu chake. Mama Vero akaniona ninatoka mu mufereji, kikwembe kimejaa matope.

"Eeh, Koko Masikio! Ata weye unakimbia pineu?"

Barabara yote ikaanguka na kicheko. Kile kicheko kiliniingia mpaka mu mifupa.

Nikaingia jikoni, nikakamata kisu. Ekutere nikakata vipande vipande, nikatupa mu moto. Harufu yake ingali mu pua yangu leo.

"Koko, acha nikuambie..."

"Nyamaza! Siku watakuja, utakufa na Kingereza yako mu masikio!"

"Basi nisikilize bila waya, sauti wazi?"

"Ili majirani waseme nyumba yetu inapokea maneno ya maadui wa ngambo ya mupaka? Unataka watuchome?"

Hakulia. Afadhali angelia!

Akabaki na kitabu cha Kingereza. Jikoni kukanyamaza. Mwalimu wake akakuja kwangu mwenyewe, akaniambia na heshima: "Mama, huyu mutoto alikuwa amefika karibu. Sikio lisipokula kila siku, linakonda." Nikamujibu ya kwamba mimi nimelea watoto saba bila Kingereza. Akaaga, akaenda. Ninaandika hili na ninajiona mujinga.

Simu ikakuja asubuhi moja. Nilikuwa nimetangazia avenue yote. Nikavaa kikwembe cha Pasaka, nikamuita Mama Vero akuje ashuhudie. Dorkasi akaweka telefone ku meza, sauti wazi, ili tusikie wote.

Mwanamuke mumoja akaanza kusema, sauti laini, haraka haraka. Dorkasi akamusalimia, akasema jina, akasema anatoka wapi. Nikamutazama Mama Vero na kidevu juu.

Kisha yule mama akauliza kitu. Dorkasi akasogeza sikio. Akaomba arudilie. Yule mama akarudilia. Dorkasi akainamia telefone, jasho linatoka ku paji. Akaomba tena.

Mimi mujinga nikamupiga na kiwiko: "Jibu! Jibu basi, mutoto!"

Yule mama akasema neno la upole, simu ikakatika.

Mama Vero, ata yeye, hakupata cha kuchekea. Alijitazama vidole vya miguu. Dorkasi alikaa wima, macho ku telefone. Kisha akasema, pole pole: "Koko, aliniuliza sababu gani ninataka kazi hii. Nimeelewa sasa, kisha ya simu kukatika. Jibu nilikuwa nalo. Swali njo sikusikia."

Walichukua musichana mwingine. Dorkasi akafunga nguo zake mu mufuko, akaenda Niania kwa mama yake. Ku murango aliniambia, "Ubaki muzuri, Koko," kama vile mutu anaaga mwenye duka.

Yote niliyosema mpaka hapa ni majani. Shina ndiyo hii.

Siku ya pineu, mimi sikusikia kitu. Kitu! Niliona watu wanakimbia, na mimi nikakimbia. Masikio yangu yalikuwa yanakufa pole pole, na sikumuambia mutu. Mu kanisa ninacheka wakati wengine wanacheka. Mutu akiniongelesha, ninatazama midomo yake na ninaitika. Koko Masikio hasikii! Ningesema na mudomo gani?

Kwa hiyo nilitaka masikio ya mutoto. Nilitaka yalinde nyumba, sababu yangu yalishaacha kazi. Kila mangaribi alipoweka zile waya, niliona kama anafunga murango na mimi niko inje. Si sheria niliyokuwa ninalinda. Nilikuwa ninalinda jina.

Nikavumilia, nikashindwa. Juma iliyopita nikaazima telefone ya Mama Vero, nikaibana ku sikio la kuume, lile linalojaribujaribu. Nikamuambia Dorkasi yote, vile nimewaambia nyinyi. Kule kwake makamio yanapiga honi.

Kisha akapaza sauti, neno kwa neno, vile wanasemeshaka wazee. "Koko, nilijua."

"Ulijua nini?"

"Ya kwamba husikii! Nilijua zamani. Njo sababu nilikuwa ninaweka waya mu sikio moja tu. Ile ingine niliacha wazi juu yako, nikusikilizie. Ile siku nilisikia pineu inapasuka, nilisikia na upepo unatoka. Nilikuita toka jikoni, 'Koko, usikimbie, ni pineu!' Haukusikia."

Mungu wangu! Nilikaa chini mu vumbi. Mama Vero alifikiri mutu amekufa.

Mutoto alikuwa ananilinda na sikio moja na anajifunza na ingine. Na mimi nilimulalia juu mu mufereji, nikamuziba mudomo asinipe habari!

Nikamuuliza: "Utarudi? Nitanunua zingine. Utasikiliza asubuhi, mangaribi, vile unapenda, mimi nitakaa ku murango na kutazama barabara."

Alijibu. Alisema maneno marefu. Lakini kamio ilipita kule kwake, sikushika ata moja. Na mimi, kisha ya yale yote, kisha ya kuungama na machozi, niliona haya kumuomba arudilie! Nikaitika: "Ndiyo, mwanangu. Ndiyo." Simu ikakatika.

Nyinyi wazee wenzangu, mukiona mutoto anasikiliza kitu kila siku, musimuvurugie. Kwenu ni makelele, kwake ni njia. Mumuulize anasikia nini, na mumuache amalize kusema. Na kama masikio yenu yamechoka, semeni yamechoka! Haya imenila zaidi kuliko vita.

Mama Vero ananiambia, "Piga tena, Koko, unite ya kupiga iko mu telefone." Kila siku ninasema kesho. Ninakaa ku murango, kila gari inayotoka upande wa Niania ninasimama, ninakaa, ninasimama. Sijui kama alisema anakuja, ama alisema hatakuja tena. Na mimi niliitika ndiyo.